Chuma cha Njano, Kopo la Zege

Kwa miezi minne nilisoma habari za mazoezi bila kufanya zoezi hata moja. Daktari aliniambia presha yangu iko juu kwa mtu wa umri wangu, nipunguze chumvi na nitoe jasho. Chumvi niliipunguza siku hiyo hiyo. Jasho nikalifanyia utafiti kwanza.

Nilitaka ketelbeli, lile tufe la chuma lenye mpini juu, kama birika lisilo na mdomo. Nilidhani ni kwenda dukani na kulipa tu. Kumbe kuna za chuma cha kusubu, ambazo uzito ukiongezeka na tufe nalo linanenepa. Kuna za mashindano, ambazo ya kilo 8 na ya kilo 32 zina umbo moja, unazitofautisha kwa rangi: 16 njano, 24 kijani, 32 nyekundu. Kuna za plastiki zilizojazwa saruji. Kuna na mabishano marefu kuhusu unene wa mpini. Kila usiku nililinganisha kwenye simu, nikalala nimechoka kama mtu aliyefanya kazi.

Tuwe wakweli, hoja hizo si upuuzi. Katika mashindano mtu hunyanyua kwa dakika 10 bila kukiweka chuma chini. Tufe likibadilika ukubwa, linakaa kwingine kwenye mkono, na mwili unalazimika kujifunza upya. Kwa mtu huyo, aina ya kifaa ni jambo zito. Swali ni kama mimi, niliyekuwa nahema kwa kupanda ngazi za ofisini, ndiye mtu huyo.

Kilichonichekesha zaidi ni asili yake. Warusi hukiita girya, neno lile lile wanalolitumia kwa jiwe la mizani. Uzito wake ulihesabiwa kwa pudi, kipimo chao cha zamani cha kilo 16 na ushei. Ndiyo maana 16, 24 na 32 ni uzito wa kawaida hadi leo: pudi moja, moja na nusu, mbili. Yaani kitu nilichokuwa nakichunguza kama mtu anayechagua mchumba ni ndugu wa jiwe la kupimia nafaka sokoni. Kwetu tungekiweka ukoo mmoja na kibaba na pishi.

Sasa, nyuma ya nyumba ninayopanga, Dar es Salaam, kuna vijana wanaopiga vyuma kila jioni. Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, moja kila upande wa bomba. Nikiwatazama dirishani, simu mkononi, nikapata somo langu: kifaa si kitu, nia ndiyo kila kitu. Nikaliandika kwenye daftari. Lilikaa vizuri kweli.

Halafu jioni moja zege likachomoka, kopo likamwangukia kijana mmoja mguuni. Alikaa ndani wiki sita, na yeye anaishi kwa kubeba magunia. Nilipokwenda kumpa pole nikamwambia, nadhani kwa kujipendekeza, kwamba wao wamenifundisha kuwa kifaa si kitu.

Akaniangalia. "Braza, sisi tunanyanyua zege kwa sababu chuma hatuna. Tungekuwa nacho, unadhani tungekiacha?"

Nilirudi nyumbani nikaifuta ile sentensi. Haikuwa ya kwao, ilikuwa yangu. "Kifaa si kitu" husemwa kwa urahisi na mwenye uwezo wa kuchagua, kama vile "pesa si kila kitu" inavyosemwa vizuri na aliyekwisha kula. Kifaa kina maana. Kikikatika kinavunja mguu, na mguu ukivunjika, nyumbani hakuna unga.

Lakini hilo halikunisafisha mimi. Tofauti kati ya zege lililochomoka na chuma kizima ni kubwa. Tofauti kati ya chuma cheusi na chuma cha njano, kwa mtu ambaye hajanyanyua chochote, ni ndogo sana, na mimi nilikuwa nimehamia ndani ya hiyo ndogo. Kifaa kikishakuwa salama na kuutosha mkono wako, anayeendelea kuuliza "kipi?" huenda haulizi habari za kifaa tena. Anajificha. Kabla sijanunua, nilikuwa mtu mwenye nguvu aliyekosa chuma tu. Nikinunua, nitajulikana.

Sisi wa vitabu tunaujua ujanja huu. Wangapi tuna riwaya inayosubiri kompyuta mpya, au nyumba yenye utulivu? Mwingine hana kweli hata meza, na kumwambia "andika tu" ni kumkosea. Mwingine ana meza tatu. Maneno ni yale yale, na ni mwenyewe anayejua yupo kundi gani.

Mwishowe nilinunua chuma cheusi cha kilo 12, kilichokwishatumika, mpini umeanza kushika kutu. Nilikinyanyua mara saba nikakaa chini, moyo unapiga ngoma. Saba. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalikimbia miezi yote ile.

Yule kijana amepona. Jioni nyingine hukiazima, nami humpelekea mwenyewe, maana nahitaji kutembea. Juzi alikirudisha akicheka: "Chepesi hiki, braza. Lini unaleta kikubwa?"

Nimefika kumi na tisa.