Nyumba ya Mwezi wa Tisa

Mwezi wa tisa Tabora hudanganya. Mvua ilishakatika zamani, ardhi imekauka ikawa ngumu, barabara za vumbi zinapitika hata kwa gari la chini, na mbu wamepungua kiasi kwamba mtu hulala bila chandarua akaamka anajisifu. Mgeni anayetafuta nyumba wakati huo huona kila mtaa unafaa. Wenyeji hawamkatizi, kwa sababu hajawauliza.

Kisa hiki ni cha mtu ambaye hakuuliza. Nimemuunga kutokana na vipande vya watu wengi waliohamia huku, kwa hiyo asitafutwe. Tumwite Mhasibu, maana uhasibu ndio uliomleta. Ni Mzaramo aliyekulia Temeke, ana mke na watoto wawili, na amepata kazi mpya yenye mshahara unaoupita ule wa Dar es Salaam. Watu wa namna yake wameongezeka Tabora tangu ulipoanza ujenzi wa reli ya kisasa, kutoka Makutupora kuja hapa, kisha kutoka hapa kwenda Isaka na Kigoma. Madalali nao wameongezeka.

Mhasibu alitangulia peke yake, akafikia nyumba ya wageni karibu na stendi, akajipa siku mbili za kupata pa kuishi. Siku ya kwanza dalali alimpeleka Isevya. Nyumba ya zamani, baraza mbele, mwembe uani, kisima kifupi chenye mfuniko wa bati. Bibi mwenye nyumba anaishi chumba cha mbele na wajukuu wamejaa barazani. Choo kiko nje. Mhasibu aliamkia, akazunguka, akasema kwa adabu kwamba atafikiria. Dalali alimwelewa kabla hajamaliza sentensi.

Siku ya pili walikwenda pembezoni mwa mji, upande ambao sitautaja kwa kuwa wakazi wake hawana kosa. Huko kulikuwa na nyumba mpya: vigae sakafuni, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu, ukuta na geti jeusi. Rangi bado inanukia.

"Maji vipi?" Mhasibu aliuliza.

"Yanakuja, bosi. Bomba wameshalipima."

"Na kufika mjini?"

"Dakika kumi kwa bodaboda."

Nyuma ya ukuta palikuwa na matuta mafupi ya udongo yaliyokata uwanja vipande vipande, mraba kwa mraba. Mhasibu alipoyauliza, dalali alijibu kuwa ni mipaka ya watu. Hakusema uongo. Yalikuwa mipaka ya watu kweli, ila ni mipaka ya majaruba ya mpunga. Mtu wa pwani anayekula wali kila siku alisimama mbele ya shamba la mpunga lililokauka asilitambue. Alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akaongeza kodi ya mwezi mmoja mkononi mwa dalali, akapiga picha ya geti na kumtumia mkewe.

Ajabu ni kwamba Tabora yenyewe ilizaliwa na watu waliochagua mahali kwa makini sana. Waarabu wa misafara waliotoka Unguja kutafuta pembe na watumwa walijaribu kwanza vituo vingine vya Unyamwezi, Puge na Msene vikiwamo. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 wakajikusanya Kazeh, katika utemi wa Unyanyembe, pale ambapo leo ndipo mji ulipo. Hawakufuata mandhari. Hapo ndipo njia zilipoachana: moja kwenda Ujiji ziwani Tanganyika, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine kushuka kusini. Maji yalipatikana bila kuchimba sana, mabonde yalitoa mpunga, na kwenye ardhi iliyoinuka walijenga matembe yenye kuta nene. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani kutoka pwani, waliwakuta wamekwisha kutulia, na mfanyabiashara aliyeitwa Snay bin Amir akawapokea kwa ukarimu ambao Burton aliusifu katika maandishi yake.

Wapagazi wa Kinyamwezi walijua zaidi ya wafanyabiashara hao. Wengi wao walisafiri kiangazi na kurudi kulima mvua zinapokaribia, kwa hiyo kila bonde waliliona likiwa na sura zake zote mbili. Mtu wa aina hiyo hawezi kuuziwa jaruba kwa jina la kiwanja.

Lakini wale wafanyabiashara waliopima maji, udongo na njia walikuja kuangukia jambo jingine, na hili ndilo linalonifanya niwataje. Fundikira, ntemi wa Unyanyembe aliyewakaribisha, alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850. Aliyemfuata, Mnywa Sele, alitaka wageni walipe ushuru kwa bidhaa zao. Badala ya kukaa naye chini, walisaidia kumng'oa na kumweka Mkisiwa mahali pake. Vita iliyofuata ilidumu miaka, ikafunga njia ambazo ndizo zilizowafanya wapachague pale, na Snay bin Amir mwenyewe aliuawa humo. Mnywa Sele alikamatwa na kuuawa mwaka 1865, lakini amani haikukaa. Agosti 1871 mtemi Mirambo wa Urambo aliingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji, akamuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu. Mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyekuwa amepewa tembe la kupanga mambo yake kule Kwihara, kilomita chache tu kutoka hapo, alishinda akitoboa kuta matundu ya bunduki. Nyumba ilikuwa imara na ya kupendeza. Mtaa ndio uliokuwa unawaka.

Tembe hilo la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho, ndimo mmisionari David Livingstone alimobaki baada ya Stanley kuondoka Machi 1872, akingoja wapagazi kutoka pwani hadi tarehe 25 Agosti mwaka huo. Alikaa miezi mitano na zaidi, na hakuwa na pa kuhamia. Mhasibu angekuwa msomaji wa historia, huenda angejifariji kwa hilo.

Turudi kwake. Jumamosi ya kwanza baada ya kuhamia, alikuja mzee mmoja jirani, jembe begani, akagonga geti. Aliposikia kuwa mgeni ni Mzaramo, uso ulimkunjuka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, pale wapagazi wa bara walipopita Uzaramo kushuka pwani. Mzee akaangalia nyumba, akaangalia mabonde, akasema:

"Mtani, mtumbwi umeuleta?"

Mhasibu hakucheka. Utani ule wa mababu ulikuwa umemkatikia Temeke, akaona anadhihakiwa mlangoni kwake. "Shikamoo mzee," akasema, akarudisha komeo la geti.

Mimi hapo ndipo ninapoona kosa lilipo, kuliko kwenye kodi ya miezi sita. Mtu alikuja kumweleza ukweli wote wa mahali pale kwa maneno matatu, bure, kwa njia ambayo watani huambiana mambo mazito. Dalali aliyelipwa hakumwambia hata nusu yake. Siku chache baadaye kukatokea msiba nyumba ya tatu. Majirani walichanga, wakapika, wakalala nje na wafiwa. Mhasibu alisikia kelele, akadhani ni harusi, akaongeza sauti ya televisheni. Baada ya hapo hakuna aliyegonga tena.

Mvua zilianza katikati ya Novemba. Udongo mweusi wa mbuga ukiwa mkavu hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na ukinywa maji huvimba na kunata. Kwanza ilikwenda barabara. Bodaboda wakawa wanamshusha kwenye lami, anavua viatu, anatembea na soksi mfukoni hadi nyumbani. Zile dakika kumi zilikuwa za kweli, ila zilihesabiwa kwenye vumbi. Nauli ikapanda mara mbili kwa yule mmoja aliyekubali kumfikisha. Halafu nyufa zikatokea ukutani, chini ya rangi mpya, zikifuata mistari ya nyufa za zamani zilizokuwa zimezibwa. Halafu karo la choo likajaa kutoka chini, maji yakarudi bafuni.

Kilichomvunja moyo zaidi ni maji ya kunywa. Alikuwa amenunua tangi la lita 2,000 na kulijaza kwa boza. Sasa boza halifiki. Nyumba imezungukwa na maji pande tatu, vyura wanaimba hadi alfajiri, na tangi ni tupu. Ni kweli kwamba miaka ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa Tabora, mji ambao kwa miongo mingi ulitegemea bwawa la Igombe. Hayo ni mabadiliko makubwa na wenyeji wanayashukuru. Ila bomba kuu kufika mjini ni habari moja, na bomba kufika uani kwako ni nyingine, na kati ya habari hizo mbili madalali hujipatia riziki.

Mkewe na watoto walifika Desemba, ili watoto waanze shule Januari. Alishuka kwenye lami na mabegi, akatazama tope, akamtazama mumewe. "Baba watoto, ile picha uliipigia wapi?" Baada ya wiki mbili mtoto mdogo akapelekwa hospitali ya Kitete kwa malaria.

Mwanamke huyo alifanya kile ambacho mumewe hakukifanya tangu Septemba. Alijifunga kanga mbili, akachukua ndoo, akaenda kwa yule mzee. Akamwamkia, akajitambulisha kuwa naye ni Mzaramo, akatukanwa kwa mapenzi na mke wa mzee, akajibu mapigo. Aliporudi alikuwa na maji ya kisima na habari ambazo Mhasibu hakuwa nazo: kwamba mpangaji aliyetangulia aliondoka Februari, kwamba nyumba hupakwa rangi kila kiangazi, kwamba matuta yale ni mpunga wa mzee na wa nduguze, na kwamba mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine. Alijua pia shule ipi walimu wanafika na kisima kipi kina chumvi. Kwa nini balozi wa nyumba kumi hakuulizwa haya yote mwezi wa tisa, mke aliuliza, na Mhasibu akatafuta jibu kwenye simu yake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mtu akakae Isevya au Gongoni au Kanyenye kwa sababu ni mitaa ya wazee. Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kukulaza Kitete sawasawa na mbu, na baraza lenye watoto kumi si mahali pa mtu anayefanya mahesabu usiku. Wakoloni waligawa miji yetu kwa uzunguni, uhindini na uswahilini, wakawapa maofisa wao ardhi ya juu yenye barabara pana, na hadi leo mtu akipata cheo hutaka kukimbia uswahilini kwanza, afikirie baadaye. Kukimbia si dhambi. Tatizo ni kukimbilia bondeni.

Mtu wa Tabora akitafuta nyumba hufanya mambo ambayo hayagharimu chochote. Humuuliza kijana anayesukuma madumu ya maji kwa baiskeli anauza bei gani mtaa huu mwezi wa kumi, na hapo hujua kama bomba lipo ama ni hadithi. Hupita kijiwe cha bodaboda na kuuliza nauli ya Januari, si ya leo. Hutazama nyumba ya jirani ambayo haijapakwa rangi, kwa sababu mstari wa tope ukutani hausemi uongo. Huenda jioni, giza likiingia, aone ni taa ngapi zinawaka na ngapi ni mapagale. Na kama ni mgeni kabisa, hupanga chumba kimoja cha mwezi mmoja, akaingia kazini akiwa anatafuta taratibu, hata kama wenzake wa ofisini wanamcheka kwa kuishi chumba kimoja na cheo chake. Wapagazi walimtanguliza kirongozi mbele ya msafara. Mtumishi wa leo anayelipa miezi sita siku ya pili anajitanguliza mwenyewe, na mizigo kichwani.

Waliondoka mwishoni mwa Januari. Mpwa wa yule mzee alikuwa na nyumba ya kawaida Ipuli, vyumba vitatu, sakafu ya saruji, bomba uani linalotoa maji siku nyingi za wiki. Kodi walilipa ya miezi mitatu, na mkataba ukaandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenye nyumba ya zamani alikataa kurudisha hata shilingi ya miezi iliyobaki, na kwa mkataba ule ulioandikwa na dalali alikuwa na haki. Ila alikubali kulichukua lile tangi la lita 2,000, kwa nusu ya bei, kwa kuwa hakukuwa na gari la kulitoa kwenye tope. Kiangazi kilichofuata nyumba ilipakwa rangi upya na kutangazwa kwa kodi iliyopanda kidogo, maana sasa ina maji.