TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: Nidhamu ya fimbo na nidhamu ya swaumu



Leo naanza na kosa langu mwenyewe, asije mtu akadhani namnyooshea kidole.

Jumamosi iliyopita asubuhi, pale madrasa, nilimuuliza binti mmoja wa darasa la nne kama amedurusu Suratul Bayyina. Akajibu, "Nimedurusu, ustadh." Kuanza kusoma, aya ya pili tu akakwama. Nikamchapa fimbo mbili za mkononi: moja ya kutodurusu, moja ya kusema uongo. Darasa zima likanyamaza, tuli. Nami nikaona mambo yamekaa sawa.

Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, nimekaa kwenye baraza ya msikiti nasubiri magharibi. Wasichana wanacheza rede pale uwanjani, wengine wamefunga, wengine wamefunga nusu siku. Yule binti yuko katikati, anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukapita karibu naye. Warushaji hawakuona kitu, mmoja keshaanza kuukimbilia upande wa pili. Yeye akainua mkono akasema, "Umenigusa gauni." Akatoka mwenyewe, akakaa pembeni na wenzake.

Ndugu zangu, usiku ule sikulala vizuri. Mtoto ni yule yule, siku ni ile ile. Mbele yangu mimi, mwenye msahafu na fimbo, alidanganya. Kwenye mchanga, ambako hakuna aliyemuona, alisema kweli na akapoteza zamu yake. Sasa niambieni, nani alikuwa anamfundisha nidhamu siku hiyo, mimi au rede?

Hebu tuitazame funga yetu. Mchana wa jua hili la Mwanza umejifungia chumbani, jagi la maji liko mezani. Mke hayupo, watoto hawapo, imamu yuko kwake. Ukinywa, jioni utafuturu na watu na hakuna atakayejua. Lakini hunywi. Ndiyo maana wanazuoni wanasema swaumu ni ibada ya siri, na Mwenyezi Mungu ameinasibisha na Yeye mwenyewe kwamba ni Yake na Yeye ndiye atakayeilipa. Na Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 183, imeeleza lengo la funga: tupate ucha Mungu. Yaani swaumu inamtengeneza mtu anayejizuia hata pale ambapo hakuna msimamizi.

Fimbo inatengeneza mtu gani? Nimesomea ualimu na nimesimama mbele ya madarasa ya msingi, hili nalijua. Fimbo inamfundisha mtoto kujua mwalimu yuko wapi. Mwalimu akiwepo, utasikia nzi akiruka. Akienda ofisini dakika tano, darasa linageuka Mwaloni siku ya mnada wa dagaa, na monita anahangaika kuandika majina ya wapiga kelele. Tukisema "hawa watoto hawana nidhamu", tunakosea. Wanayo ile tuliyowapa, na tuliwapa ya kumwangalia mtu.

Ibn Khaldun aliliandika hili katika Muqaddima yake, zaidi ya miaka 600 iliyopita. Alieleza kwamba ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, unawabana nafsi, unawaondolea uchangamfu, unawapeleka kwenye uvivu, uongo na unafiki, kwa sababu mtoto anaficha kilichomo moyoni ili aokoke na mkono wa mwalimu. Niliposoma kurasa zile zamani nilidhani anazungumzia watu wa mbali. Kumbe ananizungumzia mimi.

Na Imamu Ghazali, katika Ihya, alishauri mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri apumzike. Alionya kwamba kumzuia kucheza na kumchosha kwa masomo kunaua moyo wake na kufifisha akili yake.

Sasa linganisha na siku ya mtoto wetu. Saa kumi na mbili asubuhi yuko njiani. Akifika anafagia, halafu mstarini, na aliyechelewa analamba viboko vyake. Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba ukutani, lakini ukifika wakati wake kinaliwa na hisabati. Akiwa darasa la nne au la saba ndiyo kabisa, kwa sababu kuna mtihani wa taifa: masomo ya ziada hadi jioni, Jumamosi pia. Akirudi nyumbani anatumwa dukani, anachota maji, halafu anakuja kwangu madrasa, nami namngoja na fimbo. Jamani, huyu mtoto anacheka saa ngapi?

Tusiwabebeshe walimu peke yao. Namwelewa mwalimu mwenye watoto mia kwenye chumba kimoja, sauti imekauka, na juu yake kuna watu wanaodai ufaulu. Na anayedai wa kwanza ni mimi na wewe. Kwenye kikao cha wazazi tunauliza, "Mwanangu kawa wa ngapi?" Baraza la Mitihani lenyewe, Januari 2023, liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Sisi majumbani bado tunapanga kumi bora kati ya mtoto wetu na wa jirani.

Najua kuna baba anasoma hapa na ana jibu tayari: "Sheikh, Mtume (s.a.w.) amesema tuwaamrishe watoto swala wakiwa na miaka saba na tuwapige wakiwa na kumi." Ni kweli, hadithi ipo kwa Abu Daud. Lakini tuisome yote. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na kila siku ina swala tano. Piga hesabu: ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita, kumshika mkono na kusimama naye, kabla fimbo haijatajwa. Sisi tunamwambia mara moja, ya pili tunanyanyua mkono. Tena hadithi inazungumzia swala, nguzo ya dini. Kushindwa hesabu za kugawanya hakumo. Na wanazuoni wakaweka mipaka: isiumize, isiguse uso, isiwe ya hasira.

Halafu mtazame aliyesema maneno hayo. Mama Aisha (r.a.) amesimulia kwamba hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa akiwa katika jihadi. Anas (r.a.) alimtumikia miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, na hakuwahi kuambiwa hata "ah". Mjukuu wake alimpanda mgongoni akiwa amesujudu, akairefusha sijda asimharakishe mtoto. Swala yenyewe, nidhamu ya juu kabisa, ilimsubiri mtoto amalize kucheza.

Sheria ya nchi nayo ina mipaka. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Ng'ambo ya ziwa letu, Bukoba, Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Simtaji mtu. Nasema tu kwamba hasira haijui kuhesabu mpaka nne.

Kuna hadithi nyingine tuishike sana mwezi huu, imo kwa Bukhari na Muslim. Bibi Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) anasimulia funga ya Ashura, kwamba waliwafungisha watoto wao, wakawatengenezea kitu cha kuchezea cha sufi. Mtoto akililia chakula, wanampa kile cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu unaingia. Maswahaba hao! Walitaka mtoto azoee njaa kwa ajili ya Mungu, na kilichomfikisha magharibi kilikuwa mchezo.

Nami nadhani rede imenionyesha sababu. Kwenye mchezo mtoto anafuata kanuni kwa sababu anaupenda mchezo wenyewe. Anajua akidanganya, mchezo umekufa. Kwa hiyo kanuni inakuwa yake, anaibeba hata pasipo na shahidi. Huo ni mlango wa kwanza wa ile hali tunayoitafuta kwa funga ya siku thelathini. Ukimnyang'anya mtoto mchezo ili umpe nidhamu, umeufunga mlango ambao nidhamu ingeingilia.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi wa ziwani tunajua maana yake. Samaki anakunjika kwa sababu bado ana maji. Mkaushe juani kwanza, kisha jaribu kumkunja: utabaki na vipande mkononi. Furaha ndiyo maji ya mtoto.

Jumapili nilimwita yule binti nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Kwanza aliutazama mkono wangu kama kuna kitu. Nikawaambia watoto kuwa fimbo imetoka darasani. Sitawadanganya, wiki hii madrasa ina kelele, na kuna wakati koo limeniuma. Lakini jana nilipouliza nani amedurusu, kijana mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mimi sijadurusu, ustadh." Nimefundisha miaka mingi, na sikumbuki kuambiwa sentensi hiyo kabla hata sijauliza mara ya pili. Tukaidurusu pamoja.

Amali ya leo ni ndogo. Mzazi, baada ya Alasiri mwache mtoto nusu saa, usimtume popote. Mwalimu, kipindi cha michezo wiki hii kirudishe kwa wenyewe. Na kikao cha wazazi kijacho, baada ya kuuliza alama, uliza pia watoto wanacheza saa ngapi.

Ewe Mola, wajaalie watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, watii Kwako tukiwepo na tusipokuwepo. Tusamehe mikono yetu ilipotangulia huruma yetu. Taqabbal swiyaamanaa. Aamin.

Tukutane tarawehe, inshaallah. Mtumie na mzazi mwenzako.