Kupangisha: Haki au Dhamana?

Mtu akijenga nyumba akalala humo na watoto wake, watu wachache watamwuliza neno. Lakini akiigawa vyumba, akavipangisha na kupokea kodi kila mwezi, je, yafaa aulizwe? Wako wasemao kwamba haifai. Nyumba ni yake, jasho ni lake, na mpangaji alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Wako wengine wasemao kwamba mwenye kupangisha sharti apewe leseni kwanza, na anyang'anywe akikosa. Swali hili lastahili kufikiriwa na kila akaaye katika mitaa ya Eastlands, mashariki ya Nairobi, toka Pumwani mpaka Huruma, Dandora na Kayole, maana huko watu wengi mno hulala katika nyumba za watu wengine.

Zamani aliyeulizwa alikuwa mpangaji. Tangu mwaka wa 1920 mwanamume Mwafrika katika Kenya alilazimishwa kuchukua kipande, na kukaa Nairobi bila kazi wala idhini kulikuwa kosa. Hivyo mtu asiyekuwa na nyumba ndiye aliyetakiwa kueleza sababu ya kulala mjini. Mambo hayo yamepita. Baada ya Uhuru wa mwaka wa 1963 watu walimiminika Nairobi, nyumba za halmashauri kama zile za Kaloleni na Bahati hazikutosha, na wenye fedha wakajenga ghorofa juu ya ghorofa. Katika hili walitenda jambo la manufaa, maana bila wao maelfu wangalikosa pa kulala. Lakini manufaa yenye faida ni biashara, na biashara haina budi kuangaliwa.

Tazama jinsi nyingine ziangaliwavyo. Mama auzaye chakula hutakiwa awe na cheti cha afya. Dereva wa matatu haruhusiwi kuchukua abiria bila leseni. Mjenzi naye hutakiwa awe na ramani iliyokubaliwa, na jengo lipate cheti kabla ya watu kuhamia. Hata mapato ya kodi hutozwa ushuru. Lakini kwa kule kupangisha kwenyewe, mwenye nyumba haombi leseni kwa mtu. Chakula kibaya huumiza tumbo. Nyumba mbaya yaweza kuua jamaa nzima usingizini.

Usiku wa tarehe 29 Aprili, 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita ilianguka Huruma. Watu zaidi ya 45 walikufa. Mtoto mdogo wa kike alitolewa kifusini akiwa hai baada ya siku zaidi ya tatu, na nchi nzima ikashangilia. Kisha ikasikia kwamba mama yake alikuwa miongoni mwa waliokufa. Wakuu walisema kwamba nyumba ile ilikuwa imekwisha amriwa ibomolewe.

Na tuipime habari hii. Sheria ilikuwako, na amri ilikuwako. Lakini amri ile ilihusu kuta, na kuta hazina masikio. Mwenye masikio ni yule apokeaye kodi. Kama haki ya kupokea kodi ingalitegemea leseni, na leseni ingalitegemea usalama wa nyumba, kila mwisho wa mwezi ungalimkumbusha wajibu wake. Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya kupanga methali hii ina shida yake: auonaye ufa si mwenye ukuta, na mwenye ukuta halali chini yake. Leseni ni kamba ya kuwafunga wawili hawa pamoja.

Wapinzani wana hoja mbili nzito. Kwanza, gharama ya leseni itaongezwa juu ya kodi. Na nyumba mbovu zikifungwa, maskini watalala wapi? Pili, leseni yaweza kununuliwa kwa rushwa, ikawa karatasi ya kufunika ufa. Hoja hizi zisidharauliwe. Kwa ile ya kwanza, ada iwe ndogo kwa mwenye vyumba vichache, na mwenye kasoro apewe muda wa kutengeneza kabla ya watu kuhamishwa. Katiba ya mwaka wa 2010 yampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na umaskini si sababu ya mtu kuuziwa hatari. Kwa ile ya pili, daftari la leseni liwe wazi. Katika Wales, kwa sheria ya mwaka wa 2014, mwenye kupangisha huandikishwa, na msimamizi wa nyumba hujifunza kabla ya kupewa leseni. Na mpangaji aweza kulitazama daftari hilo mwenyewe. Rushwa hupenda giza; macho ya wapangaji mia huipunguzia nguvu.

Kijana usomaye, siku moja yamkini utapanga chumba, au utapangisha. Ukiwa mwenye nyumba, jiulize kabla hujaulizwa: je, ningekubali kulala hapa na watoto wangu usiku wa mvua? Ajiulizaye hivyo kwa moyo safi hana sababu ya kuiogopa leseni. Asiyejiuliza ndiye atufanyaye tuitake.