Tingatinga Hakusoma Chuo Kikuu

Mjadala wa nani apewe mkopo wa elimu ya juu ukiwaka, uchoraji na historia ya sanaa huwa vya kwanza kuambiwa visubiri, eti havina soko. Hoja ya soko naielewa. Inayoniudhi ni ile inayofuata nyuma yake, ikitamkwa kama hukumu isiyo na rufaa: mbona Tingatinga hakusoma chuo kikuu? Sanaa ni nini, tuwaachie wenye kamusi; hapa yatosha kusema ni kazi ya mkono inayomdai mtu aitazame. Swali langu ni kama kutazama nako hufundishwa.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Miaka minne hivi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Ni kweli, hakukaa darasa la uchoraji. Lakini aliwakalisha jamaa zake kando yake, wakajifunza mkono wake mpaka wakaweza kuuendeleza alipoondoka. Huo ni uanagenzi, na uanagenzi ni shule. Anayemtaja ili kukana masomo amemtaja mwalimu bila kujua. Isitoshe, hoja hiyo inachanganya kuchora na kukijua kilichochorwa. Shaaban Robert naye hakusoma chuo kikuu, na hakuna anayetaka idara za Kiswahili zifungwe kwa sababu hiyo. Tunaona wazi kwamba kutunga ni kazi moja na kuyasoma yaliyotungwa, kuyalinganisha na kuyahifadhi ni nyingine. Kwa nini mchoraji anyimwe haki anayopewa mshairi? Historia ya sanaa haikuja kumfundisha Tingatinga kuchora chui. Kazi ya somo hilo ni kuuliza ubao upi ni wa mkono wake na upi umetiwa jina lake tu, uliuzwa kwa nani, uko wapi leo. Tusipouliza sisi, mnunuzi ndiye anayeandika kumbukumbu, naye huandika kinachopandisha bei.

Vigango vya Wamijikenda vinashuhudia. Nguzo hizo zilizochongwa kwa ajili ya wazee waliofariki ziliibwa pwani ya Kenya, zikauzwa, zikaishia katika makumbusho ya Marekani. Waliozisimika walijua fika maana yake. Waliozinunua walijua kuziorodhesha. Zikitafutwa zirudi, linalohitajika ni rekodi: picha, kipimo, mahali ziliposimama. Hiyo ndiyo kazi ya somo linaloitwa anasa.

Wapo wanaosema mitaala yetu ya sanaa imejaa Ulaya, na wana haki. Hata katika Chuo cha Makerere, Uganda, sanaa ilianza na madarasa ya Mwingereza, Margaret Trowell, miaka ya 1930. Hata hivyo humo alipita Sam Ntiro, aliyechora vijiji vya Wachaga na baadaye akaiwakilisha Tanganyika huko London.

Na milango ya Unguja? Siwezi kuipita. Ipo ambayo juu yake ni mraba, na ipo yenye tao, iliyoenea zaidi mafundi wa Kihindi walipopata wateja wakubwa katika karne ya 19. Mwenye jicho lililozoezwa husoma hapo kuhama kwa fedha na ladha, kutoka nyumba hadi nyumba, kabla hajafungua kitabu. Mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili, mnyororo uliochongwa pembeni, maandishi ya Kiarabu juu ya kizingiti: kila kimoja ni uamuzi wa mtu. Lugha yetu humwita mtu huyo fundi, neno lenye mzizi mmoja na kufunda na mwanafunzi, na sijawahi kuona utengano wa ufundi na sanaa ukisimama vizuri juu ya neno hilo.

Hapo ndipo hoja yangu mwenyewe inaponibana. Chuo kikimtaka mwalimu wa nakshi, kitadai shahada; fundi aliyechonga milango miaka 40 hana, na aliyeandika tasnifu juu ya milango yake anayo. Nikilitetea somo, nautetea pia mlango unaomwacha fundi nje. Kumwita aje kama mgeni wa siku moja hakutoshi, na kumvisha joho la heshima kunamgeuza pambo. Sijaona chuo kitakavyompa kiti bila kwanza kukubali kwamba vipimo vyake vya elimu vina upungufu, na sioni dalili kwamba kiko tayari kukubali hilo.