Ua na Haki ya Mgeni

Lugha yetu imelitwika neno moja mizigo mitatu: ua lichanualo, ua uzungukao nyumba, na ua, amri ya kutoa roho. Mimi niliyajua yote matatu kwa kusoma. Asubuhi moja hapa Singida nikayakuta pamoja nyuma ya nyumba yangu.

Nyumba hii imezungukwa na minyaa, kama nyingi za mkoani. Mnyaa hauna makuu: fimbo yake ikichomekwa ardhini huota, mbuzi hawaugusi, na kiangazi, vichaka vingine vipukutishapo majani, wenyewe hubaki kijani. Lakini utomvu wake ni mkali, waweza kupofusha, nao ulimwingia mjukuu wangu jichoni. Mtoto alipona, hasira yangu haikupoa. Nikashika panga, nikiazimia kuufyeka ua wote na kujenga ukuta wa matofali.

Kwenye kona ya tatu nikakuta kiota cha tetere na makinda mawili. Mkono ukasita. Je, ndege ana haki gani katika ua nilioupanda mimi?

Mtu wa sheria atajibu kwamba hana. Nami sikuona hoja ya kumpinga, mpaka nilipozikumbuka baraza za Mji Mkongwe wa Unguja. Mpita njia hakumdai mwenye nyumba kitu, naye hata hivyo alimjengea pa kukaa, nje ya ukuta wake. Mpaka hututenga na wengine. Hautuondolei wajibu kwao.

Wako watakaonikumbusha faida: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli. Vile vichaka vya Itigi, vyenye kimo cha mita 3 hadi 5, ambavyo abiria wa garimoshi huvidhania pori tupu, ni malisho ya nyuki. Na nyuki watembeleapo alizeti, zao letu kuu, mbegu hujaa vizuri zaidi. Lakini ukarimu ungojao malipo ni biashara. Tetere hanilipi chochote, na swali lake liko palepale.

Wala jicho la mtoto si dogo mbele ya kiota. Basi nikangoja makinda yaruke. Kisha nikaing'oa minyaa upande wachezao watoto, nikapanda mikole, ambayo tunda lake huliwa na mtoto na ndege pia. Upande wa nyuma, pasipopita mtu, minyaa nikaiacha. Penye pengo nikatia kikwata, chenye miba iliyopinda kama ndoana na maua wayapendayo nyuki. Kupogoa nimekuweka kiangazi, kwa kuwa ndege wengi hutaga mvua zinyeshapo. Na hata hivyo, kabla ya kukata, natazama kwanza.

Ukuta huuliza swali moja tu: nani abaki nje? Apandaye ua wa vichaka huulizwa na la pili: nani nimkaribishe? Sijui kama nimelijibu vema. Mikole ingali mifupi, na mbuzi wa jirani wamekwisha kuionja miwili.