Deni la Mtoto ni la Nani?

Ninyi mliokabidhiwa watoto na Mungu, nanyi waalimu mnaowafundisha Katekisimo: mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi neno lililoandikwa katika Kutoka 22:5-6. Lisomeni kwanza ninyi wenyewe nyumbani. Hapo Musa ataja watu wawili. Wa kwanza ni mtu ambaye mnyama wake ameingia katika shamba la mwingine akala. Wa pili ni mtu aliyewasha moto, ukashika miiba, ukateketeza nafaka ya jirani. Wote wawili hawakukusudia mabaya, walakini wote wawili waambiwa walipe. Tena mwenye mnyama haruhusiwi kulipa kwa makombo. Imempasa kutoa kilicho bora cha shamba lake mwenyewe.

Basi, neno hili latuhusu sana sisi tulio na watoto wadogo. Mtoto si mnyama; ni kiumbe cha Mungu, aliyebatizwa, mrithi pamoja nasi. Lakini akili yake haijakomaa, na mkono wake waweza kuharibu kabla moyo wake haujajua ubaya. Na aliye chini ya ulinzi wetu akiharibu, sisi ndio tuulizwao.

Tuchukue mfano. Katika vihamba vya Kilimanjaro nyumba zimekaribiana, na mpaka mara nyingi ni safu ya masale tu. Mtoto wa miaka 5 aona panga la babaye limeachwa mlangoni. Alichukua, avuka mpaka, na kwa mchezo akata miche 10 ya kahawa ya jirani, akidhani amefanya kazi kama baba. Jioni jirani arudi, aikuta miche imelala chini. Mnajua ninyi wenyewe hasara hiyo. Mche wa kahawa hauzai mwaka upandwapo. Huanza kuzaa katika mwaka wa 3 au wa 4. Kumbe jirani hakupotewa na miche 10 tu, bali na jasho la miaka aliyolima, aliyotia mbolea na aliyongojea.

Sasa mzazi atafanya nini? Twaona njia tatu ambazo wengi wetu huzifuata, na zote tatu ni mbaya.

Ya kwanza ni kukana. Mzazi asema, "Mtoto ni mtoto, hana akili, utamfanya nini?" Wengine hata hujificha nyuma ya sheria ya nchi. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania yasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Sheria hiyo ni njema, kwa kuwa yamkinga mtoto na gereza. Lakini haikuandikwa ili imkinge babaye na haya. Kadiri mtoto asivyo na akili, ndivyo ilivyompasa mwenye akili kuliondoa panga mlangoni. Musa aliwaagiza watu waliojenga nyumba mpya waweke ukuta mdogo juu ya dari, mtu asije akaanguka (Kumbukumbu 22:8). Upendo hutazama mbele, haungoji hasara itokee.

Njia ya pili ni fimbo. Mzazi amshika mtoto, ampiga vikali mbele ya jirani, hata jirani mwenyewe aona huruma, asema, "Basi, mwache, yamekwisha." Hapo mzazi arudi nyumbani ameridhika. Lakini, ndugu, nani aliyelipa? Mtoto amelipa kwa ngozi yake deni lililokuwa la babaye, na jirani hakupata kitu. Fimbo haioti ikawa kahawa. Na mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba ubaya ni kuonekana. Siku nyingine atajificha vizuri zaidi.

Njia ya tatu ni kulipa kimyakimya. Mzazi ampelekea jirani fedha usiku, wala mtoto hajui neno. Huyu ni afadhali kuliko wa kwanza, maana jirani amepata haki yake. Lakini mtoto ameibiwa fundisho lake, naye atakua akidhani vitu vya watu hujirudisha vyenyewe.

Njia iliyo bora ni ipi? Tutazame Waraka kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtu mzima, si mtoto mdogo, lakini Paulo amwita mwanawe aliyemzaa katika vifungo. Na alipomrudisha kwa Filemoni hakusema kwamba deni si kitu, wala hakumwachia Onesimo mzigo wote peke yake. Alisema kwamba ikiwa amemdhulumu au awiwa naye, deni hilo lihesabiwe juu yake Paulo, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Huyo ndiye baba. Akiri deni, amleta mwana, na alichukua deni juu yake.

Basi, mzazi Mkristo na aende siku ile ile, kabla jirani hajapata habari kwa watu wengine. Na amshike mtoto mkono, waende pamoja. Mtoto na asikie babaye au mamaye akisema, "Ndugu, mwanangu ameharibu mali yako, nami nimekuja, kwa kuwa yeye ni wangu." Kisha waitazame hasara pamoja. Asilete miche dhaifu iliyobaki kitaluni, bali iliyo bora. Na kwa ajili ya miaka iliyopotea aongeze kitu, kama Hesabu 5:7 ifundishavyo kuongeza sehemu ya tano. Asiye na fedha anayo mikono. Na aje apalilie. Mtoto naye apewe kazi iliyo sawa na nguvu zake, kama kuleta maji kidogo katika kibuyu kwa ajili ya miche mipya. Samaki mkunje angali mbichi.

Hapo mtoto atajifunza mambo mawili kwa pamoja. Atajua kwamba deni ni la kweli na haki ya jirani haifutwi kwa maneno. Tena atajua kwamba yuko ampendaye, aliyesimama mahali pake. Je, hiyo si sheria na Injili? Atakapokuwa mkubwa na kusikia kwamba Kristo alilichukua deni letu, hatasikia habari ngeni; ameona mfano wake mdogo katika shamba la jirani.

Nawe uliyeharibiwa mali, una sehemu yako. Usimwite mtoto mwizi, maana jina hilo laweza kumfuata hata uzee. Usidai mara tatu ya hasara yako. Ukitaka kusamehe yote, samehe kwa furaha, ukimkumbuka yule mtumwa wa Mathayo 18 aliyesamehewa nyingi akamkaba mwenziwe kwa kidogo.

Nanyi waalimu, mfundishapo amri ya nne, msiwaambie watoto tu wawaheshimu wazazi. Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, aliwakemea wazazi wanaodhani kwamba watoto wamepewa kwa furaha yao tu. Na mfikapo amri ya saba, onyesheni kwamba haikatazi kuiba tu, bali yatutaka tuilinde mali ya jirani. Tena, ikiwa mjane hana uwezo wa kulipa alichoharibu mtoto wake, wazee na wamsaidie kwa siri, ili yeye mwenyewe aende kwa jirani kichwa kikiwa juu.

Ndugu, panga lililoachwa mlangoni tuliondoe leo. Na ikiwa lipo deni la mtoto ambalo tumelinyamazia, na tuondoke, tumshike mtoto mkono, twende kwa jirani kabla jua halijachwa. Mungu Baba, ambaye hakutukana sisi watoto wake, atupe moyo huo. Amina.