Kidonda Kidogo, Bili Kubwa

Kidonda cha sentimita mbili kwa tatu kwenye muundi kina eneo la sentimita 6 za mraba. Mgonjwa akibandikwa ngozi mbadala hapo, mwandika bili wa Marekani ataiwekea kazi ya daktari msimbo 15271, unaobeba sentimita 25 za mraba za kwanza. Kidonda kikiwa usoni au wayoni, msimbo unahamia 15275. Kinachopimwa ni kidonda, na kipimo lazima kionekane kwenye faili la mgonjwa.

Bidhaa yenyewe ina mstari wake, na hapo ndipo tamaa ilipojipenyeza. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ililipa kwa kila sentimita ya mraba, hata sehemu iliyokatwa na kutupwa, mradi iandikwe alama ya JW. Baadhi ya bidhaa zilizidi dola 1,000 kwa sentimita moja. Basi ukifungua pakiti ya sentimita 4 kwa 6 kwa ajili ya kidonda kile, ulikuwa unadai sentimita 24.

Mume na mke wa Arizona, walioshtakiwa mwaka 2024, waliifanya hesabu hiyo kuwa biashara. Wauzaji wao wasio na taaluma ya utabibu waliambiwa waagize vipande vya 4 kwa 6 au zaidi. Utando wa kondo la nyuma, aina ya ngozi mbadala, ulibandikwa kwenye vidonda vya juujuu visivyouhitaji, vingine vyenye maambukizi, hata kwa wazee waliokuwa wakipata tiba shufaa wakingoja siku zao. Madai yalifika dola bilioni 1.2. Wote wawili walikiri makosa.

Wenye kulaumu mifumo ya malipo wanasahau kwamba misimbo yenyewe haikudanganya. Kila sentimita iliyodaiwa huenda kweli ilitoka kwenye pakiti. Ni swali la kwa nini pakiti ile ilifunguliwa ambalo fomu haina nafasi yake. Mwandika bili anayesoma faili kabla ya bili angeliuliza. Aliyesoma bili pekee aliona tarakimu zinazolingana, akapitisha.

Matumizi ya Medicare kwa bidhaa hizi yalipita dola bilioni 10 mwaka 2024. Tangu Januari 2026 nyingi kati ya bidhaa hizo hulipwa bei moja, takriban dola 127 kwa sentimita ya mraba. Faida ya kufungua pakiti kubwa imepungua sana, lakini Medicare bado inalipa kwa sentimita.